Matawi Tisa ya Mkaratusi

Trela la Zadock lilianza kulala ubavu kabla Waithira hajamaliza chai yake. Halikuanguka kwa kishindo. Lilipiga magoti upande wa kushoto, polepole, kama ng'ombe aliyechoka kutembea, kisha lami iliyokuwa chini yake ikatumbukia, na kichwa cha lori kikaifuata huku injini ikinguruma bado. Kamba zikakatika. Mifuko ya saruji ikaporomoka mtaroni, mmoja baada ya mwingine, ikipasuka na kufuka vumbi la kijivu kwenye mvua.

Waweru alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Sufuria ziliruka kutoka rafuni, chai ikamwagikia Waithira mapajani, na gari lao likasimama hatua kumi tu kutoka kwenye shimo.

"Ngai wakwa!" Waweru alisema, mikono bado imeng'ang'ania usukani. "Zadock aliniambia Wasike ameweka matawi. Alisema tutayaona kabla ya kalvati, halafu tushike kulia. Mama Sheila, wewe umeona tawi lolote?"

Waithira alikuwa akiyatazama matawi tisa ya mkaratusi, mabichi, yaliyofungwa kwa kamba nyuma ya kiti cha mumewe.

Ngoja nikueleze mambo yalivyofika hapo, maana huyu mama si mjinga na wala si mbaya.

Waithira na Waweru walikuwa wameuza vipuri vya magari Kisumu mjini kwa miaka thelathini na mmoja. Watoto walipomaliza kusoma na magoti yalipoanza kulalamika, Waweru alifunga duka, akanunua basi kuukuu la shule, akang'oa viti vyote. Akaweka kitanda, meko ya gesi, sinki, na tangi la maji juu ya paa. Alitaka kuiona Kenya kabla Kenya haijamfunika, ndivyo alivyosema. Binti yao Sheila alicheka hadi akakaa chini. "Baba, hiyo ni matatu ya kulala!" Lakini walienda. Miezi minane walikuwa njiani.

Ila nchi hii haijajenga mahali pa kulaza nyumba yenye magurudumu. Kwa hiyo walilala na malori: Maungu, Mai Mahiu, Salgaa, Malaba, popote penye taa, mlinzi na choo cha kugombania. Mwanzoni madereva waliwadhani wahubiri. Baadaye wakamwita Waithira Mama Nyumba na kuja na vikombe vyao mkononi. Walimfundisha Waweru lugha ya barabara: lori la mbele likiwasha taa ya kulia, tulia nyuma, likiwasha ya kushoto, pita. Na wakawafundisha sheria ya matawi. Gari likikwama, au barabara ikiharibika, vunja matawi uyalaze kwenye lami hatua sitini kutoka penye hatari, ili anayekuja apate nafasi ya kufunga breki.

"Tawi ni mdomo wa dereva aliye chini ya gari," Zadock, mmoja wa madereva hao, alimwambia Waithira siku moja. "Yeye hawezi kukupigia kelele. Tawi linakupigia badala yake."

Sheria nzuri, ila wenyewe huiharibu. Wakishatengeneza gari huondoka, matawi na mawe wakayaacha palepale. Kule Salgaa Waithira alimwona mtu wa bodaboda akigonga jiwe lililosahauliwa namna hiyo, na alichokiona kilimfuata hadi usingizini. Tangu siku ile, kila kukicha alichukua ufagio wake wa mpini mrefu akazunguka kuondoa yaliyoachwa. Madereva walimsifu. Wema huohuo ndio uliomponza.

Walikuwa wamelala kwenye uwanja wa malori kupita Awasi. Kulipopambazuka Waithira alitembea hadi kwenye kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara, akakuta matawi tisa yamelazwa upande wa kushoto. Hapakuwa na gari lililokwama, mbele wala nyuma. Lami ilikuwa nzima, inang'aa kwa mvua. "Wameenda tena wakaacha takataka zao," alinung'unika. Waweru alikuwa akikohoa tangu Kericho, pua zimeziba kabisa, na majani ya mkaratusi ni dawa ya kujifukiza. Akayabeba yote. Zadock alikuwa pale uwanjani akipiga mswaki, na kuuliza si ujinga, lakini hakuuliza.

Hakujua kwamba jana yake jioni Wasike, dereva rafiki yake Zadock, alipita hapo akahisi magurudumu ya nyuma yakididimia. Maji yalikuwa yamekula udongo chini ya lami na kuacha ganda tu. Wasike aliteremka kwenye mvua, akakata matawi, akayapanga, akampigia Zadock simu. Asubuhi Zadock akamweleza Waweru, na wakati huo Waithira alikuwa ameingia ndani kuwasha gesi. Sasa alikuwa ameyasikia yote kwa mara moja, na lori lilikuwa shimoni.

"Zadock!" Waweru aliita kutoka mlangoni. "Zadock, uko hai?"

Kisha sauti ikatoka ndani ya kichwa cha lori. "Niko. Mguu ndio umeshikwa."

Zadock alikuwa peke yake. Tanboi wake, yule msaidizi wa safari, alikuwa ameteremka Nakuru kwenda matangani. Mlango wa dereva ulitazama mbinguni. Waweru alitoa ngazi ya kupandia paa, akaiegemeza, akapanda vidato vitatu na kushikwa na kikohozi hadi ngazi ikatikisika.

"Shuka," Waithira alimwambia. "Mimi ndiye mdogo. Nitaingia mimi."

"Una miaka sitini na moja."

"Na wewe sitini na saba. Shuka, Baba Sheila."

Ndani mlinuka dizeli na damu. Maji ya mtaroni yalikuwa yamefika kwenye kiti cha abiria. Zadock, mwanamume mrefu wa kutoka upande wa Luanda Kotieno, alikuwa amejikunja juu ya usukani, mguu wa kulia umebanwa na pedali na bati lililokunjika. Waithira alishuka kwa tumbo, akapapasa chini, akakuta mfupa umekwenda mahali usipopaswa kwenda. Waweru alimpitishia mpini wa jeki. Aliuingiza, akaulalia kwa uzito wake wote, akausukuma tena na tena hadi bati likalegea.

"Mayooo!" Zadock alilia, kilio cha kwao, kile wanachomwitia mama. Mguu ulikuwa umetoka.

Kumtoa nje kuliwachukua saa nzima. Walimfunga leso mbili kwapani, Waweru akivuta juu, Waithira akisukuma kutoka chini, na kila hatua ilikuwa na kilio chake. Walipomlaza sakafuni mwa gari lao, Waithira alifunga jeraha kwa leso ya tatu, kisha akatafuta kitu cha kunyoosha mfupa. Miko miwili ya ugali ndiyo iliyokuwepo. Akaifunga huku na huku.

"Gusa vidole," Zadock alisema huku meno yakigongana. "Vina joto?"

"Vina joto."

"Viangalie kila mara. Ndugu yangu vilipoa akiwa bado njiani, wakamkata hapa." Alionyesha juu ya goti. "Dereva bila mguu wa kulia ni mtu wa kukaa nyumbani ahesabu kuku. Nifikisheni Ahero kabla havijapoa. Hilo tu, Mama. Hilo tu."

Waweru aliwasha gari arudi Awasi, na ndipo waliposikia mngurumo nyuma. Tuta la mto lilikuwa limepasuka. Maji ya kahawia yalivuka barabara yakiburuta ua wa miti, mlango wa choo na mbuzi mmoja aliyekuwa bado analia. Yaliwafikia, yakapanda kidato cha kwanza, cha pili, na injini ikapiga chafya mara mbili ikanyamaza. Simu ya Waweru haikuwa na mtandao. Ya Zadock ilikuwa chini ya maji.

"Awasi imekatika," Waweru alisema. "Ahero ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita sita," Zadock alijibu. "Juu ya lami maji ni ya magoti, pengine mapaja. Ukitoka kwenye lami, mtaro unameza mtu mzima. Na maji yanavuta kushoto."

"Ya kunywa tunayo?" Waweru aliuliza.

"Lita tano tutabeba," Waithira alisema. "Haya mengine usiyaguse hata kwa ulimi."

Vyaelea vimeundwa, na chelezo chao kiliundwa na mikono minne ya uzee: ubao wa kitanda, mitungi minne ya lita ishirini iliyomwagwa maji na kufungwa vifuniko, na kamba ya kuanikia nguo. Zadock akalazwa juu. Waweru angesukuma nyuma. Waithira angetangulia na ufagio, akipapasa ukingo wa lami kwa mpini.

"Lakini mimi nitajuaje ukingo uko wapi?" Waweru aliuliza. "Macho yangu unayajua. Tunataka vijiti vya kuchomeka." Akageuka, akayaona matawi nyuma ya kiti chake, akayafungua. Akasita. "Haya umeyatoa wapi?"

Waithira alimtazama. Waweru alitazama matawi, kisha shimo, kisha mke wake wa miaka arobaini. Hakuuliza tena. Aliyaweka juu ya kifua cha Zadock taratibu, akashika ubao.

Walipita kando ya trela, upande wa kulia ambao lami ilikuwa bado inashikilia, wakijishika kamba za turubai. Mbele yake hapakuwa na barabara, palikuwa na maji tu. Mashamba ya mpunga ya kushoto na ya kulia yalikuwa yameungana kuwa kitu kimoja. Paa la kibanda, nguzo za stima, kichuguu chenye ng'ombe watatu waliosimama wamegusana. Watu wa uwanda huu wa Kano wanayajua maji yao. Walikuwa wamehama tangu jana. Waithira alichomeka ufagio, akapata lami, akausogeza kushoto hadi akapata udongo laini, akachomeka tawi. Hatua ishirini, tawi la pili. Waweru alisukuma akiyaacha matawi kushoto kwake, akifika kwenye moja analing'oa na kulirudisha kifuani kwa Zadock, naye Zadock anamnyooshea Waithira. Matawi tisa yalizunguka hivyo, kutoka mkono huu hadi huu, saa ya kwanza, saa ya pili. Kuzungumza kulikuwa kazi.

"Aol," Zadock alisema mwishowe. Nimechoka.

Waithira alikuwa amewauzia Wajaluo vipuri miaka thelathini na mmoja; lugha ilikuwa imemwingia. "An bende aol," alimjibu. Mimi pia nimechoka.

Zadock alicheka kidogo, akanusa tawi lililokuwa mkononi mwake. "Mama, wewe unaweka matawi vizuri kuliko Wasike."

Waithira aliendelea kutembea.

"Miaka kumi na tisa tumeendesha pamoja," Zadock alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa mahali pengine, si mguuni. "Tulimzika baba yake pamoja. Mtoto wangu wa mwisho nimempa jina lake, Mjaluo kupewa jina la kabila lingine, watu wakanicheka. Halafu ananipigia simu, 'Omera, ndugu yangu, nimeweka matawi, lala salama.' Hakuweka. Aliogopa mvua. Alikaa ndani ya gari lake na joto lake akanidanganya. Nikipona huu mguu, hata mkono simpi. Nikifa, asije kwangu kulia."

Sema, mama! Sema sasa! Waithira alifungua mdomo, na kilichotoka ni: "Kunywa maji kidogo." Akamshikia kopo. Alijiambia kwamba mgonjwa hafai kupewa habari nzito, kwamba atasema wakifika, kwamba ni huruma. Haikuwa huruma. Ulikuwa woga mtupu, na yeye mwenyewe aliujua. Nyuma ya ubao Waweru alikohoa, akatazama pembeni.

Siafu waliwapata karibu na saa saba. Walikuja juu ya maji wameshikamana donge la rangi ya kutu, wakagusa ubao, na mara wakawa wameuenea wote. Waliingia kwenye leso yenye damu. Zadock hangeweza kuruka wala kujitupa majini. Alishika ubao kwa mikono yote miwili akapiga mayowe huku wakimng'ata palepale penye kidonda. Waithira alinyakua matawi, akawafagia. Akafagia mguu, tumbo, shingo, akawachomoa wengine mmoja mmoja kwa kucha, na vichwa vyao vikabaki kwenye ngozi. Walipokwisha, matawi mawili yalikuwa yamechukuliwa na maji, na mikono yake ilikuwa imevimba hadi pete haionekani.

Kisha ikafika zamu yake. Alikuwa amechoka kiasi cha kusahau kupapasa kabla ya kukanyaga. Aliinua mguu, akauweka, na chini hapakuwa na kitu. Maji yakamfunika kichwa. Mtaro ulimvuta kama mtu anayevuta blanketi. Alipoibuka alikuwa hatua mbili kutoka kwenye ubao, ufagio mkononi, mdomo umejaa matope, na Waweru akipiga kelele huku hawezi kuuachia ubao, maana angeuachia ungeondoka na Zadock.

"Shika! Mama, shika!"

Zadock alikuwa amelala nusu ya mwili nje ya ubao, mguu uliovunjika umepinda, mkono umenyooka, na mkononi mwake tawi la mkaratusi. Waithira alilikamata kwa majani yake. Zadock alivuta. Alivuta akilia kwa sauti, mishipa ya shingo imesimama, hadi Waithira akapata lami kwa magoti.

Alibaki amepiga magoti hapo kwenye maji, akitapika matope. Tawi lile alikuwa bado amelishika. Lilikuwa limekatwa kimshazari, kwa panga, pigo moja. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ilikuwa imejaribu na kushindwa.

"Angalia vidole," Zadock alisema, amefumba macho.

Aligusa. Vilikuwa vinaanza kupoa. Alilegeza leso kidogo, akavisugua kwa viganja vyake vilivyovimba, akavipulizia pumzi. "Vina joto," alisema. Uongo wa pili ule, ukiuhesabu ule wa kunyamaza.

Waliendelea. Waweru hakuwa anakohoa tena, alikuwa anapiga miluzi kifuani kila anapovuta pumzi, na kila akisukuma hatua kumi alipumzisha paji la uso kwenye ubao. Maji ya kunywa yalibaki kikombe kimoja, wakampa Zadock. Mvua ilikatika, jua likatoka kali, midomo ikawapasuka. Nadhani hakuna uchovu mbaya kama wa kutembea na kitu moyoni, kwa sababu huo haupumziki hata ukikaa.

Yapata saa kumi walisikia honi.

Lori la kijani lilikuwa limesimama mbele, taa zimewashwa mchana, maji yamefika kwenye bampa. Mtu alikuwa amesimama juu ya boneti akipunga shati. Dereva yule alikuwa amefika pale akitokea Ahero akashindwa kuendelea, kwa sababu hakuona barabara inaishia wapi. Waithira alikwenda kwenye ukingo, akajisimamisha pale, akainua matawi juu ya kichwa kwa mikono yote miwili. Lori likaja polepole likimfuata yeye, magurudumu yakipita karibu naye kiasi cha kumlowesha upya.

Wasike aliruka chini kabla halijasimama vizuri. Mwanamume mfupi, mnene, macho mekundu. "Omera! Nimekungoja Ahero tangu saa mbili. Nimewaambia watu, Zadock hachelewi, kuna jambo. Njoo, njoo nikubebe."

"Usiniguse," Zadock alisema.

Wasike alisimama, mikono hewani.

"Matawi yako wapi, Wasike?"

"Matawi? Niliyaweka! Kwenye kalvati, kushoto, kama nilivyokwambia!"

"Uliyaweka wapi? Mdomoni?"

"Haki ya Mungu, nilikata tisa! Nililowa hadi chupi!"

"Basi trela langu limelala kwa nini? Nenda na gari lako. Bora nife na haya maji kuliko kupanda gari la mwongo." Akashika kingo za ubao kwa nguvu zote zilizobaki, akageuza uso. Wasike, mtu mzima mwenye wajukuu, alianza kulia wazi wazi, kamasi na machozi, akirudia "Niliyaweka, niliyaweka," na dakika zikapita, na vidole vya Zadock vilikuwa vimegeuka rangi ya majivu.

Waithira alikuja katikati yao.

"Aliyaweka," alisema. "Ni mimi niliyeyatoa. Alfajiri, na ufagio wangu. Nilidhani yameachwa tu. Nilitaka kumfukizia mzee wangu kifua. Ndiyo haya, yamebaki saba." Akayanyoosha. "Ndiyo haya umekuwa ukinipa mkononi tangu asubuhi."

Wasike alichukua tawi moja, akatazama mahali lilipokatwa. "Panga langu hili," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi hukata hivi."

Zadock alimgeukia Waithira. "Ulijua saa ngapi?"

"Trela lako lilipolala."

"Na ukaniacha nikamtukana huyu mtu njia nzima."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuvuta kutoka mtaroni."

"Ndiyo. Nisamehe, mwanangu. Na usiponisamehe, ni haki yako. Lakini panda gari la rafiki yako."

Zadock alifunika macho kwa mkono. Kisha akaunyoosha mkono uleule, bila kumtazama Waithira, ukapita kando yake ukamfikia Wasike. "Nibebe, omera," alisema. "Mos. Polepole. Mguu."

Walimlaza kwenye kitanda kidogo nyuma ya viti. Waithira alikaa chini yake, amekumbatia ule mguu, akisugua vidole. Waweru alikaa mlangoni, macho yamefumba, kifua kikipiga miluzi. Wasike alirudi kinyumenyume hadi alipopata nafasi ya kugeuza. Zadock hakumsemesha, na Waithira hakutarajia asemeshwe.

Ilibaki kama kilomita moja kufika mjini lori lilipotoka majini. Lami ilipanda ikawa kavu, nyeusi, na mbele zilionekana nguzo za mitambo ya simu na moshi wa watu wanaopika. Nyuma yao barabara iliteremka majini kimya kimya, bila alama yoyote, na upande wa Ahero kulikuwa na taa za gari linalokuja.

"Wasike," Waithira alisema. "Simamisha gari."

"Mama, huyu mtu mguu unapoa."

"Najua. Ninao hapa mikononi. Dakika mbili tu. Wanaokuja hawajui kuna nini mle."

Wasike alitikisa kichwa, akabadilisha gia. Hakupunguza mwendo.

"Simamisha," sauti ilisema kutoka nyuma. Ilikuwa nyembamba, imekauka. "Simamisha, Wasike. Mwache ayaweke."

Waithira aliteremka na matawi yake saba. Waweru aliteremka nyuma yake bila kuitwa, akishika mlango ili asianguke. Walirudi pamoja hadi ukingo wa maji, wazee wawili wenye nguo za matope, kisha Waithira akageuka, akaanza kuhesabu hatua kuelekea Ahero. Alihesabu kwa sauti. Alijikwaa mara mbili njiani, na mara zote mbili alianza tena kuhesabu palepale alipoachia. Alipofika akalaza matawi kwenye lami, moja moja, upana wa barabara, vichwa vya majani vikitazama gari linalokuja. Gari lile, pikapu yenye vikapu vya nyanya, lilipunguza mwendo, likasimama.

Alipopanda tena, Zadock alikuwa amefumbua macho.

"Umehesabu?"

"Sitini."

"Haya." Akauonyesha mguu kwa kidevu. "Shika vidole. Vina joto?"

Waithira aliviweka kati ya viganja vyake, akasikiliza kwa ngozi, hakuharakisha jibu.

"Kidogo," alisema. "Viwili tu, kikubwa na jirani yake. Vingine vimepoa."

Zadock alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu kule majini hakugeuza uso.

"Viwili vinatosha kuanzia," alisema. "Wasike, kanyaga mafuta."